Shimo la Mungu, Newala: mlima uliosagika, mchanga uliopanda na maji yaliyobaki chini

Ukisimama Shimo la Mungu, ukingoni mwa mji wa Newala, ardhi inakatika ghafla mbele ya miguu. Chini kabisa ni bonde la Ruvuma, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Ukifuata ukingo kuelekea upande wa Masasi, siku isiyo na ukungu, unaona vilima vya mawe vimechomoza kimoja kimoja kwenye tambarare. Wengi wanaofika hapa huuliza shimo hili lilichimbwa na nini. Lipo swali lenye uzito zaidi: hapa juu mvua ya mwaka hufika karibu milimita 1,000, basi mito iko wapi? Na kwa nini kwa vizazi vingi akina mama wa Newala wameteremka genge na ndoo tupu, wakalipanda na ndoo zilizojaa?

Maswali yote mawili yana jibu moja, na jibu hilo linaanza zaidi ya miaka milioni 550 iliyopita. Masasi ni mzizi wa milima mikubwa iliyokwisha kuliwa. Newala ni mchanga uliosagwa kutoka milima ya namna hiyo, ukatandazwa karibu na bahari, kisha ukainuliwa pamoja na nchi. Leo mzizi uko chini na unga wake uko juu. Asiyeuelewa mpinduko huu atachimba kisima mahali pasipofaa.

Masasi: kilichobaki mlima ulipoondoka

Vilima vya Masasi, Mkomaindo na Mtandi vikiwemo, ni vya gneisi: mwamba wenye mistari meupe na meusi iliyopindapinda, kama donge la unga lililokandwa likaachwa kabla halijachanganyika sawasawa. Mistari ya namna hiyo haifanyiki juu ya ardhi. Ili madini meupe, kwatzi na feldispa, yajitenge na maika nyeusi kiasi hicho, mwamba lazima uzikwe kina cha kilomita 20 hivi au zaidi, kwenye joto linalopita nyuzi 600. Anayepanda Mkomaindo leo anakanyaga jiwe lililowahi kubeba kilomita 20 za mwamba juu yake, na zote zimeondoka.

Kilichouzika mwamba huu ni mgongano wa mabara. Kati ya miaka milioni 650 na 550 hivi iliyopita, vipande vya mabara viligongana vikaunda bara kuu la Gondwana, na kovu la mgongano huo linapita Kenya na Tanzania hadi Msumbiji. Wanajiolojia huliita Ukanda wa Msumbiji. Milima iliyosimama hapo hulinganishwa na Himalaya ya sasa. Mawe yenyewe ni mazee kuliko mgongano: ng'ambo ya Ruvuma, kaskazini mwa Msumbiji, chembe za zirkoni, madini magumu yanayotunza umri wa mwamba, kutoka miamba ya jamii hiyo zimetoa umri wa karibu miaka bilioni 1. Kwa hiyo jiwe moja linaweza kutoa umri mara mbili, na maabara isilaumiwe. Kiini cha chembe kinatunza siku ya kuzaliwa, na ganda lake linatunza siku ya kupikwa upya.

Kwa nini iondoke miamba mingi hivyo ili mlima upotee? Fikiria jahazi bandarini Mikindani. Likipakuliwa shehena, linapanda majini. Gamba la dunia nalo huelea juu ya mwamba mzito ulio chini yake. Gamba lina uzito wa karibu tani 2.7 kwa mita ya ujazo, na mwamba wa chini karibu tani 3.3. Kila kilomita 1 inayomomonyoka juu, ardhi inapanda tena karibu mita 820 kutoka chini, na uso unashuka mita 180 tu. Kuufuta mlima wenye wastani wa kimo cha kilomita 4 kunahitaji kuondoa karibu kilomita 22 za mwamba. Hesabu hii inakwenda sambamba na kina kinachosomwa kwenye gneisi, na ndiyo sababu mizizi ya milima huishia kuonekana juani.

Vilima vilivyobaki vimebaki kwa sababu vina nyufa chache. Maji ya mvua hupenya kwenye nyufa, yanaozesha feldispa ikawa udongo wa mfinyanzi, na pembezoni panashuka huku donge gumu likisimama. Uzito wa juu ulipopungua, donge hilo lilianza kubanduka magamba kama kitunguu. Magamba hayo yanaonekana wazi Mtandi. Mjiolojia Mjerumani Wilhelm Bornhardt, aliyetembea sehemu hizi mwishoni mwa karne ya 19, ndiye aliyevipa vilima vya aina hii jina la Inselberg, yaani mlima-kisiwa, katika maandishi yake ya mwaka 1900. Jina hilo sasa linatumika dunia nzima.

Mchanga unaotandikwa

Baada ya milima kuchakaa, nchi ilianza kuchanika. Kuanzia miaka milioni 300 hivi iliyopita yalifunguka mabonde ya ufa ya enzi ya Karuu, na moja ya mabonde ya ukanda huu wa pwani ni lile la Mandawa, mkoani Lindi, ambako maji ya chumvi yalikauka yakaacha chumvi mwamba na jasi. Takriban miaka milioni 165 iliyopita Madagaska ilianza kujitenga na pwani ya Afrika ikiteleza kuelekea kusini, na safari hiyo ilikoma karibu miaka milioni 120 iliyopita. Bahari ikaingia.

Ushahidi mzuri wa kuingia na kutoka kwa bahari uko Tendaguru, kilomita 60 hivi kaskazini magharibi mwa mji wa Lindi. Watu wengi wanapajua kwa mifupa ya dinosaria iliyochimbwa kati ya 1909 na 1913 na mamia ya wenyeji chini ya usimamizi wa Boheti bin Amrani, ikabebwa kichwani hadi Lindi na kupelekwa Berlin, ambako dinosaria mmoja amesimamishwa ana kimo cha zaidi ya mita 13. Hapa kilicho muhimu kuliko mifupa ni mpangilio wa matabaka. Tabaka la udongo wenye mifupa, juu yake mchanga wenye kombe za baharini, juu yake tena mifupa, tena kombe. Nchi na bahari zilipokezana mahali hapo, maana yake uso wa ardhi ulikuwa karibu sana na usawa wa bahari.

Juu ya matabaka hayo ndipo palipotandikwa mchanga wa Makonde, katika sehemu ya mwanzo ya enzi ya Kretasia, zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita. Mito iliyotoka bara ilimwaga mchanga wa kwatzi, changarawe na mfinyanzi mweupe. Mchanga huu haukuwa wa Newala peke yake. Uwanda wa Rondo na wa Noto mkoani Lindi, na uwanda wa Mueda ng'ambo ya Ruvuma, ni vipande vya shuka lilelile. Baadaye, upande wa pwani, bahari iliweka matope mazito yanayoonekana Kilwa na Lindi, na juu ya matope hayo ukaja mchanga mwekundu wa Mikindani.

Umeinuka kiasi gani, na lini

Hapa makosa ni mengi, hata kwa watu waliosoma. Kosa la kwanza ni kuchukua kimo cha sasa na kukiita kiasi cha kuinuka. Ukingo wa magharibi wa uwanda wa Makonde unafika karibu mita 900 juu ya bahari. Lakini mchanga ulipotandikwa, bahari yenyewe ilikuwa juu kuliko leo, kwa mamia ya mita kwa baadhi ya makadirio ya enzi ya Kretasia. Ukiondoa mita 200 kwa ajili hiyo, unabaki na mita 700. Kisha lazima uongeze unene wa matabaka yaliyokuwa juu yakamomonyoka, maana uso wa leo si uso wa siku ile. Kwa hiyo mita 700 ni kiwango cha chini cha busara, wala isitajwe kama kipimo.

Kosa la pili ni kusoma umri wa apataiti, madini yanayopatikana kama chembe ndogo ndani ya mwamba, kana kwamba ni umri wa kuinuka. Mbinu hii inahesabu mikwaruzo midogo inayoachwa na atomi za urani zinapopasuka ndani ya chembe. Kwenye joto la nyuzi 110 na zaidi mikwaruzo hufutika, na chini ya nyuzi 60 hutunzwa. Joto linaongezeka nyuzi 25 hadi 30 kila kilomita ukishuka, kwa hiyo saa hii inaanza kuhesabu mwamba unapopita kina cha kilomita 3 hivi ukija juu. Inachorekodi ni kupoa, na kupoa kunaletwa na mmomonyoko. Nchi inaweza kuinuka mita 700 bila kumomonyoka, kama uwanda tambarare wa mchanga unaokunywa mvua, na apataiti isiandike chochote. Makonde ni mahali pa namna hiyo hasa. Tukitegemea apataiti peke yake, tutaikosa sura ya mwisho ya historia.

Sura hiyo inasomeka zaidi kwenye umbo la nchi na kwenye kilichoangukia baharini. Chora mstari kutoka ukingo wa Newala hadi Mtwara mjini: ni kilomita 120 hivi. Uwanda unashuka kutoka karibu mita 900 hadi karibu mita 100 ukikaribia pwani. Hiyo ni mita 6 hadi 7 kwa kila kilomita, mteremko usiofika hata nusu ya nyuzi moja. Dereva haoni, lakini baiskeli iliyobeba korosho inausikia. Mteremko mpole na ulio sawa upande mmoja, genge kali upande mwingine: shuka lote limeinamishwa kama meza iliyonyanyuliwa upande wa bara.

Nguvu zilizoinamisha ni mbili, na zinafanya kazi pamoja. Ya kwanza ni joto la chini sana ya Afrika Mashariki, linaloisukuma nchi pana kwenda juu tangu miaka milioni 30 hivi iliyopita, na ndilo lililofungua Bonde la Ufa. Ya pili ni hesabu ya jahazi. Bara linapopoteza mchanga linapanda, na sakafu ya bahari inayopokea mchanga huo inazama. Pwani ndiyo bawaba. Mrundikano wa mchanga mbele ya mdomo wa Ruvuma ulinenepa sana katika kipindi hichohicho, na gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982, imetunzwa ndani ya michanga ya jamii hiyo. Gesi ya Mtwara na ukosefu wa maji Newala vimetokana na tukio moja la nchi kuinama.

Gawanya mita 700 kwa miaka milioni 30: ni mita 23 kila miaka milioni, au sentimita 2 na kidogo kila miaka 1,000. Ni wastani tu, wala nchi haikupanda kwa mwendo mmoja. Na nchi haijatulia. Tetemeko la kipimo cha 6.0 lililotokea baharini, kusini mashariki mwa Dar es Salaam, tarehe 12 Agosti 2020, linakumbusha kwamba sakafu ya bahari mbele ya pwani yetu bado inachanika.

Vipi genge lenyewe? Wengi hudhani ni ufa mnyoofu ulioshusha Masasi na kuiacha Newala juu. Umbo lake halikubali. Ufa ungekata mstari; genge hili limemegwamegwa, lina ghuba na pua, na kila ghuba ina korongo linalokula kurudi nyuma. Shimo la Mungu ni mojawapo ya ghuba hizo. Mueda nayo, upande wa pili wa Ruvuma, ina mchanga huohuo, kimo kinachokaribiana na cha Newala, na genge lake. Mto ulikata shuka moja vipande viwili baada ya kuinuka. Kwa hiyo mchanga ulifika mbali zaidi magharibi kuliko ukingo wa leo, na Shimo la Mungu linaendelea kurudi nyuma kila masika. Anayejenga mita chache kutoka ukingoni, akaelekeza maji ya bati lake gengeni, anaharakisha kazi hiyo kwa mkono wake.

Mbona maji hayakai juu

Sasa hesabu inafungika. Mvua ya Newala inaanguka juu ya mamia ya mita za mchanga usioshikana sana. Maji hayapati nafasi ya kutiririka, yanazama. Yanazama hadi yakutane na kitu kisichopitisha, aidha tabaka la mfinyanzi au gneisi yenyewe chini ya mchanga. Kama shuka lingekuwa bado usawa wa bahari, maji yangejaa mpaka karibu na uso. Lakini liliinuliwa na mito ikalikata pande tatu, Lukuledi kaskazini, Ruvuma kusini, tambarare ya Masasi magharibi, kwa hiyo maji yana milango ya kutokea chini. Yanatoka kama chemchemi kwenye miguu ya genge na katika bonde la Kitangari, linalouchimba uwanda kutoka ndani. Visima vya Mitema, vinavyolisha mradi wa maji wa Makonde, viko katika bonde hilo, na mahali palichaguliwa sawasawa.

Wekundu wa udongo usimpoteze mtu akadhani ni udongo wa volkano. Ni kutu ya chuma kwenye mchanga wa kwatzi. Mkorosho unaupenda kwa sababu mizizi yake inakwenda chini sana. Mahindi yenye mizizi mifupi huumia wiki mbili tu mvua ikikatika.

Gharama ya kurudisha maji juu inahesabika. Mita ya ujazo 1, yaani ndoo 50 za lita 20, ikipandishwa mita 400, inahitaji uniti 1.09 za umeme kinadharia. Pampu na mota zikifanya kazi kwa asilimia 60, ni uniti 1.8. Mita 400 za maji zina mgandamizo wa karibu baa 40, na bomba la daraja la baa 16 linabeba mita 160 tu. Lazima kuwe na vituo vitatu vya kusukumia angalau, na vinne ni salama zaidi, kwa sababu umeme ukikatika ghafla safu yote ya maji inarudi na kupiga. Valvu ya kuzuia maji kurudi ikiwa mbovu, kipigo hicho hupasua viungio vya chini kwanza. Bomba linalodaiwa kuoza huenda limepasuka kwa sababu hii.

Kuchimba: juu, chini na pwani

Kijiji cha ukingoni kikipata fedha za kisima, shinikizo la kwanza huwa kuchimba pale kijijini. Kabla ya mtambo kuletwa, pima kimo cha kijiji na kimo cha chemchemi ya karibu iliyo chini ya genge. Tofauti hiyo ndiyo kadirio la kwanza la kina cha maji. Ikiwa ni mita 250, kisima cha mita 120 ni shimo kavu, hata fundi aseme vipi. Kisima kirefu zaidi kinawezekana, ila kila mita inaongeza umeme wa kila siku, na pampu za mkono haziwezi kina hicho kabisa.

Penye mchanga, chimba kwa matope ya kuchimbia, usitegemee nyundo ya hewa. Hewa hupanua shimo na mchanga huporomoka juu ya patasi. Matope yakitoroka ghafla, umekutana na changarawe wazi: andika kina chake, kwa sababu huenda ndiko njia ya maji. Chukua sampuli kila mita 3, na kila mita 1 unapokaribia kina unachotarajia. Dalili ya kufika kwenye gneisi ni tatu: kasi ya kuchimba inapungua sana, chembe za mviringo zinabadilika kuwa vipande vyenye kona, na maika nyeusi inaanza kung'aa kwenye sinia. Mfinyanzi mweupe peke yake si dalili, maana umo ndani ya mchanga wa Makonde pia.

Kushindwa kwingi kwa visima vya mchanga hutokea baada ya maji kupatikana. Bomba lenye mianya mikubwa linavuta mchanga, pampu inalika ndani ya miezi, kisha lawama inakwenda kwa pampu. Chekecha sampuli ya tabaka la maji, upate ukubwa wa chembe wa kati. Kokoto za kichujio ziwe kubwa mara 4 hadi 6 ya hapo, na mianya izuie karibu asilimia 90 ya kokoto hizo. Kwa mchanga wa milimita 0.3, kokoto za milimita 1.2 hadi 1.8 na mwanya wa milimita 1 zinafaa, mradi kokoto zimechekechwa vizuri. Safisha kisima kwa hewa mpaka ndoo ya lita 20 ikitulia isionyeshe mchanga chini, ndipo upime uwezo wake kwa saa 24 mfululizo.

Masasi mambo ni tofauti. Maji yako kwenye gneisi iliyooza na kwenye nyufa chini yake, kwa kawaida ndani ya mita 30 hadi 60, na kisima cha mita ya ujazo 1 kwa saa si cha kudharauliwa. Mahali pazuri ni miguu ya kilima cha jiwe. Mvua ya milimita 20 kwenye hekta 1 ya mwamba mtupu ni mita za ujazo 200 zinazoteremka kwa saa chache, na udongo wa chini yake unazipokea. Katikati ya tambarare, penye mwamba usio na nyufa, mita 100 zaweza kutoka kavu.

Pwani, Mikindani na Mtwara, hatari ni chumvi. Maji baridi huelea juu ya maji ya bahari, na kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari hubebwa na mita 40 chini yake. Ukivuta kisima hadi uso wa maji ushuke mita 1, chumvi inaweza kupanda mita 40. Visima vingi vya kina kifupi vinavyovutwa polepole ni bora kuliko kimoja kirefu chenye pampu kubwa.

Kwa kaya iliyo juu ya uwanda, hesabu ya bati isidharauliwe. Paa la mita za mraba 50, mvua ya milimita 1,000, ukipoteza asilimia 20, linatoa lita 40,000 kwa mwaka. Watu watano wakitumia lita 20 kila mmoja kwa siku wanahitaji lita 36,500. Maji yanatosha, kinachokosekana ni mahali pa kuyahifadhi kwa siku 200 hivi za kiangazi, yaani tangi la lita 20,000. Likijengwa ardhini kwenye mchanga huu, msingi wake ushindiliwe kwa tabaka za sentimita 15 na maji ya kufurika yapelekwe mbali kwa bomba. Mchanga ukilowa upande mmoja unatitia, ukuta unapata ufa, na maji yanaendelea na safari yao ya zamani kuelekea miguu ya genge.